Atakula Nini, Tena kwa Nani?

Tumfikirie baba mmoja, mkulima wa Namanyere. Mahindi na maharage yake yamemsomesha mwanawe hata kidato cha sita, na sasa kijana amwambia ya kuwa ataka kusomea filamu na utangazaji. Baba anyamaza kitambo, kisha auliza: "Ukimaliza, mwanangu, utakula nini?"

Wako wasomi walichekao swali hilo. Sisi hatulicheki. Ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya karo hawarudi zizini kwa sababu elimu imesifiwa. Na kijana aliyekopa kwa Bodi ya Mikopo hana budi kulipa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato mpaka asilimia 15 ya mshahara. Basi mzazi anayo haki ya kuuliza, nasi yatupasa kumjibu kweli.

Kweli yenyewe ni hii: kazi zipo, lakini mishahara ya kila mwezi ni michache. Shule za ufundi huu si jambo jipya. Kituo cha Nyegezi, karibu na Mwanza, kilianza mwaka 1960, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambamo vijana wengi wamejifunza uandishi wa habari. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza mwaka 1981. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Cha kwanza kilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Tangu hapo vituo na redio vimeongezeka, lakini wahitimu pia wameongezeka. Makao ya vyombo vikubwa yako Dar es Salaam. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara, bali hulipwa kwa kila habari itolewayo, nayo malipo ni kidogo. Mpiga picha hungoja harusi, upadirisho na mikutano. Msimu ukipita, kamera hulala.

Hapa ndipo swali la baba linapohitaji kuongezwa neno. Haitoshi kuuliza kijana atakula nini. Yafaa kuuliza pia atakula kwa nani. Maana watu wote wa kazi hii waijua bahasha. Mkubwa huita mkutano, huwapa waandishi bahasha yenye fedha, na kesho yake sifa zake hutangazwa. Mwenye njaa huipokea akijiambia kuwa mkono mtupu haulambwi. Wengine husema ni nauli tu. Lakini nauli yapasa ilipwe na aliyemtuma mwandishi, wala si na yule anayeandikwa. Anayelipa nauli leo, kesho atachagua njia.

Wazee wa Ufipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma; waliyeyusha mawe katika matanuru marefu ya udongo na kufua majembe. Jembe bovu halikuweza kujificha, kwani jiwe la kwanza shambani lililifichua. Habari ya uongo haina jiwe kama hilo. Msomaji wa Kirando hawezi kwenda Dodoma kuhakikisha aliyoyasoma, basi humwamini mwandishi. Kwa hiyo mwenye kuuza kalamu au kamera yake auza kitu kisichokuwa chake, yaani imani ya watu.

Mtu atasema: basi kijana na asomee uuguzi au ualimu, hatari iishe. Hatukubali. Watoto wa watu waaminifu wakiikimbia kazi hii yote, itabaki kwa nani? Na habari za wavuvi wa Kirando na wakulima wa Namanyere zitasimuliwa na nani, ikiwa si na mtu aliyelelewa huku? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka watu wafundishwe kazi hizi kwa ufundi na kwa maadili. Haukuwaambia wazikimbie.

Basi kijana na aende, lakini ajiandae. Ajifunze ufundi wote, wa sauti, wa taa, wa kuhariri na wa hesabu, ili fundisho moja likikosa mteja, jingine limlishe. Tena asilidharau shamba la kwao. Mwenye gunia lake la mahindi aweza kuirudisha bahasha, na usiku akalala.

Nasi wazazi tunao wajibu wetu. Kijana akiisha kuhitimu, huanza kusikia kila siku: "Tumekusomesha, tuletee." Mwenziwe amejenga, yeye bado. Maneno hayo humsukuma kuelekea bahasha kuliko njaa yenyewe. Tukimdai mwana fedha nyingi upesi, bila kuuliza zatoka wapi, tusishangae siku tutakapofungua redio na kumsikia akitudanganya sisi wenyewe.