JUA NA DENI LA NEEMA

Sisi tukaao Lunga Lunga hatuna ugeni na jua. Kivuli chake ndicho kitujulishacho Adhuhuri na Alasiri. Kwalo twaanika samaki, nazi na mahindi. Na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, husimama utosini mwetu barabara hata mtu asimamaye asione kivuli chake. Lakini ni wachache wetu waulizao: nuru hii yatoka wapi, yatufikia kwa kadiri gani, na twaipokea kwa adabu gani? Wako wasemao kwamba maswali hayo ni ya watu wa skuli, hayana faida katika dini. Sisi twaona kinyume chake. Mtu hawezi kuishukuru ipasavyo neema asiyoijua kipimo chake.

Basi na tutazame kipimo. Jua haliwaki kama kuni ziwakavyo. Lau lingekuwa rundo la makaa, lingalikwisha kwa miaka elfu chache. Kiini chake kina joto la karibu nyuzi milioni 15 za sentigredi, na uzito wa jua lenyewe hukibana pande zote. Katika joto na mbano huo, chembe za haidrojeni hugongana na kuungana zikawa heliamu. Kila sekunde, tani milioni 600 hivi za haidrojeni hugeuka hivyo, na katika hizo tani zipatazo milioni 4 huwa nguvu tupu. Mtaalamu wa Kiingereza Arthur Eddington alilidokeza jambo hili mwaka 1920, na Hans Bethe akazieleza njia zake mwaka 1939.

Nguvu hiyo hutawanyika kila upande. Ardhi yetu, iliyo mbali nalo kwa kilomita milioni 150, haipati hata fungu moja katika mafungu bilioni mbili. Na katika kidogo hicho, karibu asilimia 30 hurudishwa angani na mawingu, hewa na uso wa ardhi. Karibu nusu tu ndiyo inywewayo na nchi kavu na bahari. Pamoja na hayo, wakati wa Adhuhuri mbingu ikiwa safi, kila mita moja ya mraba ya uwanja huangukiwa na wati zipatazo 1,000, kiasi cha pasi ya umeme. Na hapana hata mmoja wetu aliyeletewa ankara.

Hapo ndipo lilipo swali letu: kitu tupewacho bure, je, hakina deni? Wako wadhanio kwamba kisicholipiwa hakina hisabu. Dhana hii ni ya hatari. Mgeni aliyekaribishwa chakula hakutoa senti, lakini hana ruhusa ya kumwaga kilichobaki wala kuvunja chungu cha mwenyeji.

Na chungu chetu ni mti. Jani huishika nuru, likaunganisha maji na hewa, likaiweka nguvu ya jua ndani ya mti. Achomaye mkaa huchoma jua la miaka iliyopita: mkoko uliokua miaka ishirini huwa moto wa siku chache. Wenzetu wa Gazi na Makongeni wameilinda mikoko yao, hekta 117, katika mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata mwaka 2019 kwa hekta 460. Nao hulipwa kwa hewa ya kaboni ambayo mikoko hiyo huihifadhi.

Huenda mtu akauliza: maskini atapikia nini? Ni haki aulize. Sisi hatumlaumu mama akataye tawi ili wanawe wale. Lawama kubwa ni ya mwenye uwezo, anunuaye mkaa magunia kwa magunia ilhali paa lake lapigwa na jua kutwa. Na ya mwenye madaraka awezaye kumrahisishia maskini njia nyingine, naye asifanye.

Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba shukrani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Ya ulimi tunayo tele. Basi ndugu zetu, kila mmoja na aitazame mikono yake: imepanda nini, na imekata nini? Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana yake. Amin.