Mizani Haimpimi Asiyekuja

Mizani ya soko la Kariakoo hupima kilichowekwa juu yake tu. Gunia lililobaki stoo halimo katika hesabu ya siku hiyo. Mbio za kimataifa nazo ndivyo zilivyo, na hilo hulisahau kila anayeuliza kama wakimbiaji wa masafa wa Marekani wanawafikia wa Afrika Mashariki. Swali hilo linaonekana kuwa la saa na medali, kumbe ndani yake limo swali kongwe zaidi: binadamu hupimwaje kwa haki?

Tuanze na saa, maana saa haina upendeleo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo, akamaliza kwa 3:32.16 na kuivunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Mwaka 2016 Mmarekani mwingine, Matthew Centrowitz, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya masafa hayohayo kwa 3:50.00, katika mbio zilizokwenda taratibu hadi karibu na mwisho. Ukifuata saa, Bayi yuko mbele kwa karibu sekunde 18. Ukifuata medali, Centrowitz anayo dhahabu ambayo Bayi hakuipata kamwe.

Hakuipata kwa sababu gani? Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikicheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Dhahabu ya mita 1500 ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, yuleyule aliyemaliza nyuma ya Bayi kule Christchurch. Mwaka 1980 zamu ya kususia, safari hii Olimpiki ya Moscow, ikawa ya Marekani, na Kenya pia, kwa sababu ya uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan. Moscow ndipo Bayi alipopata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000.

Atasema mtu kwamba hizi ni hoja za kuwafariji walioshindwa. Sivyo. Walker ana haki ya dhahabu yake, na Bayi na Nyambui wana haki ya fedha zao; kila mmoja alipambana na waliofika. Ninachokataa ni kuligeuza jedwali la medali kuwa hukumu juu ya taifa au damu. Pingamizi zito ni jingine: dhamiri ilikuwa ya nchi, lakini aliyelipa ni mkimbiaji, na nguvu za ujana hazihifadhiki ghalani kama mahindi. Ni kweli, wala deni hilo halifutwi na usahihi wa sababu. Lakini dhamiri hiyo ina mizizi: bustani ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ina mnara wa Mwenge wa Uhuru, mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961 ili umulike hata nje ya mipaka yetu. Montreal ilikuwa sehemu ya ahadi hiyo, na Bayi aliibeba kwa kutokukimbia. Taifa lililomtuma abaki nyumbani lina wajibu wa kumhesabu miongoni mwa waliotoa, si miongoni mwa waliokosa.