Haja ya Serikali
Wako wasemao kuwa serikali ni madhara matupu, wala hawakosi ushahidi. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Somalia ziliupiga kwa mabomu mji wa Hargeisa, uliojaa raia wake. Serikali hiyo ilianguka Januari 1991. Je, raha ilifuata? Jeuri ya mtawala mmoja ilirithiwa na jeuri ya wengi: mwaka 1992 njaa iliua umati kusini mwa nchi, na chakula cha msaada kiliporwa na wenye bunduki. Wazee wa kaskazini, walioonja ubaya wa serikali, walikutana Borama mwaka 1993 wakaunda nyingine. Serikali ni haja ya binadamu. Madhara yake hutoka katika kukosa hatamu.