Je, Bei Rahisi Ni Halali Daima?



Karo za watoto, kodi ya nyumba na michango ya misiba hutukuta kwa pamoja, na kwa hiyo wengi wetu tumejifunza kununua vitu vilivyokwisha kutumika. Twaenda kwenye mitumba asubuhi na mapema, siku robota linapofunguliwa, ili tupate shati la mtoto kabla wengine hawajachagua. Tukisikia kwamba jirani amepata uhamisho na anauza kabati, meza na jiko, twaenda kuangalia. Jambo hili ni jema, wala hapana aibu ndani yake. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipokuwa adimu madukani, nao hawamcheki mtu kwa kuvaa koti lililovaliwa na mwingine. Bwana wetu mwenyewe, alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuuzidisha mkate hakutaka mkate upotee. Basi mwenye kuokota kitu ambacho mwenziwe amekichoka, akakitengeneza na kukitumia, yumo katika njia njema. Akiba haiozi.

Lakini liko swali ambalo hatujiulizi mara nyingi. Tunapofurahi kwamba tumepata kitu kwa bei ya kutupa, ni nani aliyetupa? Je, mnunuzi ana wajibu wowote kwa muuzaji, au wajibu wake ni kwa mfuko wake tu?

Swali hili lilitufikia nyumbani kwetu. Mama mmoja mjane, jirani wa mtaa wa pili, alikuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kijijini. Tulipiga hodi, tukamwamkia, akatukaribisha ndani. Miongoni mwa vitu vyake palikuwa na cherehani ya kukanyaga, ya zamani lakini nzima. Alisema shilingi 70,000. Sisi tulijua ya kuwa yafaa zaidi ya hapo, ila hatukusema. Tuliigeuza, tukaonyesha kwamba mkanda umechakaa na rangi imetoka, tukampa 60,000. Njiani tulicheka kwa furaha. Siku ya pili fundi aliyekuja kuitia mafuta alitwambia kwamba angetupa 160,000 papo hapo. Furaha yetu ilipaswa kuongezeka. Haikuongezeka. Usiku ule tulikaa na neno moja ambalo wahenga walisema: kufa kufaana. Mume wa yule mama alikuwa amekufa, na sisi ndio tuliofaidika.

Wako watakaosema kwamba tulijisumbua bure. Bei ni mapatano. Hatukumwibia, hatukumlazimisha, naye alipokea fedha kwa mkono wake mwenyewe. Neno hili lina ukweli wake, nasi hatutaki kulidharau. Mfanyabiashara wa mitumba anayejua gharama ya robota lake, na aliyekwisha kuhesabu faida yake kabla ya kutaja bei, hana haja ya kuhurumiwa. Kupatana naye ni desturi, na biashara haigombi. Vivyo hivyo mwenye nyumba iliyojaa vitu, anayetaka tu nafasi ya kupita, hufurahi tukimwondolea kabati lake kwa bei ndogo. Hapo wote wawili wamepata, wala hapana aliyeumia.

Lakini wako wauzaji wengine wa namna mbili. Wa kwanza ni yule asiyejua thamani ya kitu chake. Juu ya huyu, Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyeishi kuanzia mwaka 354 hata 430, ametuachia habari fupi katika kitabu chake cha Utatu. Anasimulia juu ya mchezaji mmoja aliyewaahidi watu kuwaambia siri iliyomo mioyoni mwa wote. Walipokusanyika, akawaambia kwamba kila mtu anapenda kununua kwa rahisi na kuuza kwa ghali, na watu wakakubali kwa shangwe. Lakini Agostino hakukubali kwamba ni watu wote. Anasema alimjua mtu aliyeletewa kitabu kwa bei ndogo mno, akaona kwamba muuzaji hajui thamani yake, akamlipa bei ya haki, ambayo muuzaji hakuitazamia. Mtu mmoja wa namna hiyo yatosha kutuonyesha kwamba tamaa ile si sheria ya maumbile. Tunaweza kuishinda.

Wa pili ni yule ajuaye thamani, lakini amebanwa. Mtoto yu hospitali, au kodi imekwisha, au msiba umeingia. Huyu anaposema ndiyo, ni shida inayosema kwa kinywa chake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa, kwa maana haja ile si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Sisi twaona kwamba neno hili lageuka pia upande wa pili. Shida ya muuzaji si mali ya mnunuzi. Nikipunguziwa bei kwa sababu kiti kimevunjika mguu, nimelipia kiti kilivyo. Nikipunguziwa kwa sababu mwenye kiti amefiwa, nimefanya biashara kwa msiba wake. Torati nayo inakataza watu kudhulumiana katika kununua na kuuza, tena inamwagiza mdai arudishe vazi la maskini kabla ya usiku kuingia. Mungu alijali hata baridi ya usiku mmoja ya mtu mwenye deni.

Hapa msomaji makini atatuuliza habari ya yule mtu katika mfano wa Bwana, aliyeona hazina shambani, akaificha, kisha akaenda kulinunua shamba. Mbona hakumwambia mwenye shamba? Twajibu kwamba Bwana hakuwa akifundisha namna ya kununua mashamba, kama vile aliposema atakuja kama mwivi hakuwa akifundisha wizi. Tena tuangalie vema: mtu yule aliuza vyote alivyokuwa navyo. Mfano huu hausifu bei rahisi hata kidogo. Unasema kwamba Ufalme wa Mungu unagharimu kila kitu.

Swali lingine ni zito zaidi. Sisi nasi tu maskini. Ikiwa kila mara tutalipa bei kamili, watoto wetu watavaa nini? Twakiri kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hatutaki kumtwika mtu mzigo asioweza kuuchukua. Asiye na kitu hadaiwi asichokuwa nacho. Lakini hata mnunuzi maskini anaweza kufanya mambo matatu. Anaweza kusema kweli: "Mama, kitu hiki chafaa zaidi, muulize fundi kwanza, mimi uwezo wangu ni huu." Anaweza kulipa nusu leo na nusu mwisho wa mwezi. Na anaweza kuacha kukitukana kitu anachokitamani. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, kinamtaja mnunuzi asemaye kitu hakifai, kisha akienda zake hujisifu. Tulipoisoma aya hiyo tulijiona sisi wenyewe, tukicheka njiani na cherehani yetu.

Tena tujitazame Jumapili. Baada ya ibada, sadaka za mavuno zinaponadiwa nje ya kanisa, papai moja laweza kufika bei ya kapu zima, na kuku mmoja akagombewa kama ng'ombe. Ni vizuri, maana twajua kwamba tunamtolea Mungu. Lakini Jumatatu mtu yule yule aliyeshangiliwa kwa papai atasimama sokoni robo saa nzima akimbana mama mwenye mchicha apunguze shilingi mia. Je, Mungu yuko mnadani tu, na hayuko sokoni?

Sisi tulikaa majuma matatu kabla ya kufanya neno. Kisha tuliomba namba ya simu ya yule mama kwa jirani yake, tukamtumia shilingi 50,000, na mwisho wa mwezi nyingine 50,000. Alitupigia simu akidhani tumekosea namba. Tulimweleza kwa aibu kwamba cherehani ile ilifaa zaidi, na kwamba tuliona hakujua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, nilijua. Ile cherehani niliinunua mimi mwenyewe. Lakini lori lilikuwa linaondoka kesho yake."

Neno hilo lilitufundisha zaidi ya fedha tulizotuma. Tulikuwa tumejifariji kwamba kosa letu lilikuwa kumficha mtu asiyejua. Kumbe alijua tangu mwanzo, naye alituona tukiigeuza ile cherehani na kuitia dosari. Alivumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Basi tuendelee kutafuta vitu rahisi, ndugu zetu, na tuitunze akiba yetu. Lakini kabla ya kutaja bei ya mwisho, tumtazame anayeuza, tumwulize habari zake, tusikilize. Mara nyingine tutaondoka na kitu kwa bei ndogo na moyo mweupe. Mara nyingine itatupasa kuongeza. Mungu atupe macho ya kupambanua, na mkono usio mzito kufungua mfuko.