Waliosimama Sokoni



Somo letu ni Mathayo 20:1-16. Hata saa ya kumi na moja mwenye shamba aliwakuta watu wamesimama sokoni. Akawauliza sababu, nao wakamjibu ya kuwa hapana aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu, bali aliwapeleka shambani.

Sisi watu wa Kasulu na Kibondo twaijua habari hii. Zamani mizigo ilitoka Ujiji hata Bagamoyo juu ya vichwa vya wapagazi. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na upagazi wa safari ile ndefu ukaisha. Baba zetu wengi wakaenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge tani zaidi ya 200,000. Lakini viwanda vya ng'ambo vikafanya kamba za plastiki, zenye bei ndogo kuliko katani. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakafungwa. Watu wale hawakuiacha kazi. Kazi ndiyo iliyowaacha.

Je, tuseme mashine ni dhambi? Hasha! Mashine ya kusaga imewapumzisha mama zetu, na reli iliyomnyima mpagazi ujira ilimwondolea mwanawe mzigo mzito. Kosa letu ni kumsahau yule aliyekula kwa kazi ya kwanza. Anunuaye mashine huhesabu faida yake. Bwana humhesabu na yule aliyebaki sokoni.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tusimdharau kijana abebaye mizigo kwa baiskeli, ikiwa pikipiki imemnyang'anya kazi. Pili, fundi asifiche ujuzi wake, bali amfundishe mwenzake. Tatu, wazee wa usharika na waalimu wayajue majina ya wasio na kazi, kama wayajuavyo majina ya wagonjwa.

Angalieni tena: mwenye shamba alitoka mara tano siku ile, hakungoja watu wamjie. Na jioni wa mwisho alipokea dinari sawasawa na wa kwanza, si kwa wingi wa saa zake, ila kwa wema wa mwenye shamba. Sisi sote tumepokewa kwa neema hiyohiyo. Basi na tutoke, twende sokoni, kabla jua halijachwa.

Bwana atupe macho ya kuwaona ndugu zetu. Amina.