Mama Aliyegeuzwa wa Kambo

Katika toleo la kwanza la hadithi za ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, lililotoka Berlin mwaka 1812, mwanamke anayemshawishi mumewe wakawaache Hansel na Gretel msituni ni mama yao mzazi. Njaa imeingia nyumbani, baba ni mkata kuni asiye na kitu, na mkate uliobaki hauwatoshi watu wanne. Watoto wamelala na njaa, usingizi hauji, na kwa kuwa hauji wanayasikia yote yanayopangwa usiku ule. Kufika toleo la nne, mwaka 1840, mwanamke yule amekwisha kugeuzwa mama wa kambo. Njaa imebaki, msitu umebaki, na bibi kizee mla watoto yuko pale pale na tanuri lake.

Tukiambiwa kwamba hadithi hizi zilisafishwa kwa ajili ya watoto, wengi tunadhani kilichofutwa ni damu. Haikuwa hivyo. Wilhelm, aliyezipitia zaidi toleo baada ya toleo, alikuwa na kipimo chake. Rapunzel wa 1812 anauliza kwa nini nguo zake zimeanza kumbana, na mtu mzima anaelewa mara moja kilichokuwa kikiendelea kule juu mnarani. Swali hilo liliondolewa. Mwana wa mfalme anayeanguka kutoka mnarani na kupoteza macho, yeye aliachwa. Njiwa wanaowadonoa macho dada wa kambo wa Cinderella hawakuwamo kabisa mwaka 1812. Waliingia katika toleo la 1819, lile lile ambamo mama mzazi wa Snow White naye aligeuzwa wa kambo. Ukatili uliongezwa, mama akaondolewa.

Basi aliyekuwa akikingwa ni nani? Mtoto anayesikiliza hakupunguziwa hofu hata chembe. Mimi naona aliyekingwa ni mzazi anayesoma kwa sauti, asije akajikuta amefika kwenye ukurasa ambapo mama, mama hasa, anapima uhai wake na wa wanawe, kisha anachagua wake. Na gharama ya ulinzi huo walibebeshwa wengine. Fikiria nyumba zilizo na mama wa kambo anayeamka alfajiri kupika uji na kuwatayarisha watoto kwenda shule, watoto ambao kila kitabu na kila ngano imekwisha kuwaambia yeye ni nani. Huku kwetu nako hatukuhitaji Wajerumani watufundishe; mama wa kambo wa ngano zetu hana afadhali.

Nayakumbuka haya kila ninapokuta mzazi anayerudisha rafuni kitabu cha picha kwa sababu kina giza. Vitabu vya namna hiyo vimekuwa vingi: hadithi zile zile za kale, zimesimuliwa upya, na michoro isiyobembeleza. Giza si moja. Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, alitoa mwaka 1845 kitabu ambamo fundi cherehani anaingia mbio na mkasi mkubwa na kumkata vidole gumba kwa kosa la kuvinyonya. Picha inaonyesha mpaka matone. Hilo ni giza la fimbo: limechorwa ili mtoto atii, na mtu mzima amesimama nyuma yake salama.

Gustave Doré alishika njia nyingine alipozichora hadithi za Charles Perrault mwaka 1862. Katika hadithi ya Perrault, msichana wa kofia nyekundu analiwa, na hakuna mwindaji anayekuja kumwokoa. Doré hakuchora kuliwa. Alichora kitanda: mbwamwitu amevaa kofia ya kulalia ya bibi, msichana yuko kando yake, ameshika shuka, anamtupia jicho. Bado hajapiga kelele. Yumo katika ule muda mfupi ambapo mtoto ameshajua kwamba mkubwa aliye karibu naye si yule anayejidai kuwa, lakini hajapata la kufanya. Watoto wengi wanaujua muda huo vizuri, na wala si kwa mbwamwitu.

Mwaka 2014 Lorenzo Mattotti, mchoraji wa Kiitalia, alitoa Hansel na Gretel kwa wino mweusi, maneno yakiwa ya Neil Gaiman. Kurasa mbili ni za maneno, mbili zinazofuata ni za mchoro peke yake, na wino umezijaza mpaka pembeni. Unapekua ukurasa unaona weusi. Unatulia, mashina yanajitenga, kisha chini kabisa kuna vivuli viwili vidogo vinatembea. Waliokulia ngano za zimwi zilizosimuliwa usiku wataelewa kwa nini napenda. Zimwi lile halikuwa na picha, kwa hiyo kila mtoto alilichora kichwani kwa kadiri ya ubavu wake. Picha iliyokamilika inawapa watoto wote zimwi moja, la kipimo kimoja. Wino wa Mattotti unamwachia mtoto achague ataona kiasi gani.

Katika kitabu hicho vita ndiyo imeleta njaa, na mama amerudishwa kuwa mama. Hapo ndipo ninapouheshimu ujasiri wa kitabu chenyewe, kuliko katika weusi wote ule. Mtoto aliyewahi kusikia wazazi wakinong'ona usiku juu ya pesa hataambiwa na kitabu hiki kwamba alisikia vibaya.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo Wilhelm Grimm hakuona haja ya kuligusa. Baba aliwaongoza watoto wake msituni mara mbili. Alisikitika, akabisha kidogo, akakubali, akaenda. Mwishoni mama amekufa, watoto wanarudi na vito vya bibi kizee mifukoni, na baba, ambaye tunaambiwa hakuwa na furaha tangu siku ile, anawapokea, na maisha yanaendelea kwa raha. Hakuna anayemuuliza kitu. Mtoto akikuuliza wewe unayemsomea, usikimbilie ukurasa unaofuata.