Paukwa Bila Pakawa

Je, mtu anayebuni silaha isiyokuwepo ana hatia yoyote? Swali hili silizui kujifurahisha. Nimelala nalo wiki nzima hapa Funzi, kisiwa tunachokifikia kwa boti kutoka Bodo, kwa sababu nimepewa kazi: niandike historia ya kifaru cha vita kisichowahi kuundwa, kwa ajili ya gemu ya kompyuta. Mteja anataka kila kitu: uzito, unene wa chuma, mwaka wa majaribio ya kwanza, nchi zilizokinunua. Malipo ni shilingi elfu kumi na tano. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, na anayenunua bando kwa kudunduliza, hizo si pesa za kuchezea.

Jibu la haraka ni: si ni hadithi tu? Nakubali, lakini kwa sharti. Kwetu hadithi haianzi mpaka msimulizi aseme "paukwa" na wasikilizaji waitikie "pakawa". Kule kuitikia ndiko ruhusa. Ukishaitikia, sungura akiongea hajakudanganya, mmekubaliana. Bila itikio, uongo ni uongo tu, hata ukiupamba kwa tarakimu.

Sasa tazama kifaru kingine, ambacho chuma chake kilikuwa cha kweli na hadithi yake ya kubuni. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikija Mombasa. Ndani mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ya Kenya ikasema eti ni vya jeshi letu. Lakini jeshi letu lilizoea Vickers ya Uingereza, yenye mzinga wa milimita 105. T-72 ni ya Kisovieti, mzinga wake milimita 125. Hata makombora hayaazimani! Kwenye karatasi za shehena kulikuwa na herufi GOSS, ambazo kwa Kiingereza ni kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini. Andrew Mwangura, mtetezi wa mabaharia pale Mombasa, alisema wazi mzigo ulikuwa unakwenda huko. Akakamatwa na kufikishwa mahakamani. Meli iliachiliwa Februari 2009 kwa fidia ya dola milioni 3.2. Mwaka 2010, nyaraka za kibalozi za Marekani zilizotolewa na WikiLeaks zikaonyesha kwamba vifaru vilikuwa kweli vya Sudan Kusini.

Wapo watakaosema uongo ule ulikuwa na heri ndani yake: Sudan Kusini ilikuwa imetoka kwenye vita virefu, na ilihitaji kujikinga na Khartoum. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Lakini ingeletwa barazani, ijadiliwe. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kuitikia "pakawa" amenyimwa pia nafasi ya kusema "hapana". Vifaru vilipita bandarini kwetu, kwa jina letu, na sisi hatukuulizwa. Desemba 2013 Sudan Kusini ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe, na waliokimbilia Kakuma hawakuwa wakikimbia hadithi.

Kwa hiyo cha gemu nitakiandika. Mchezaji ameshaitikia kabla hajabonyeza kitufe. Hakuna anayemficha kitu. Kinachonisumbua ni ile orodha ya mteja. Ina nafasi ya injini, ya mzinga, ya bei, hata ya rangi. Haina nafasi ya mtu aliyesimama mbele ya mzinga. Taarifa za Faina nazo zilikuwa hivyohivyo: tulihesabiwa vifaru, tukatajiwa fidia, na kijiji ambacho vingeelekezewa hakikutajwa.

Nitaongeza aya moja ambayo sikuombwa: kifaru hiki kilipigana wapi, na nyumba za nani zilikuwa hapo. Mteja akiifuta, basi, gemu ni yake. Ila mimi nitakuwa nimeiandika, kwa sababu historia ya silaha isiyomtaja aliyepigwa nayo ni tangazo la biashara, hata kama silaha yenyewe haipo.